Pesa za Likoni zikitolewa Kawangware, nani anazifuata?

Wapwani wengi wana jamaa zao Kibera na Kawangware, na kila wiki pesa hupanda na kushuka kati ya huku na kule kwa simu. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, matapeli nao wanapita njia hiyo hiyo.

Tuchukue mfano. Mama muuza samaki wa Likoni anapigiwa simu na mtu anayejifanya mhudumu wa kampuni ya simu. Anazungushwa maneno mpaka anataja namba yake ya siri, na shilingi 40,000 za mchezo wa akina mama zinaondoka. Dakika chache baadaye zimegawanywa kwa laini tatu na kutolewa kwa mawakala Kawangware. Mama anakwenda kituoni, anapewa namba ya OB, anaambiwa asubiri.

Anasubiri nini? Askari wa Likoni hawezi kufungua tu rekodi za benki au za kampuni ya simu. Huomba kwanza amri ya hakimu. Akipata majina, wenyewe wako Nairobi, kwa hiyo atawahitaji wenzake wa kituo cha Muthangari upande wa Kawangware, au wa Kibera, au wapelelezi wa DCI. Pesa zikiwa zimeingia benki, kuna kitengo cha DCI cha ulaghai wa benki kinachofanya kazi pamoja na Benki Kuu. Kila mlango una barua yake, na barua huchukua siku. Pesa zilichukua dakika.

Tena jina lililo kwenye laini si lazima liwe la mwizi. Kijana asiye na kazi hupewa mia mbili tatu asajili laini kwa kitambulisho chake, kisha amwachie mtu asiyemjua. Mwingine kitambulisho kilimpotea tu. Askari wakija, mlango unaogongwa ni wa huyo wa Kibera, na aliyepiga simu huenda yuko Mulot, mji ambao polisi wameutaja mara nyingi kwa wizi wa aina hii.

Pesa zikivuka mpaka, mashine ni kubwa zaidi. Wakuu wa polisi wa Afrika Mashariki wana umoja wao, EAPCCO, ulioundwa Kampala mwaka 1998, na sekretarieti yake iko katika ofisi ya kanda ya Interpol jijini Nairobi. Interpol yenyewe haikamati mtu. Hupitisha taarifa kati ya polisi wa nchi 196. Hapa nchini kuna FRC, inayopokea ripoti za miamala ya kutiliwa shaka kutoka kwa mabenki na kuwakabidhi wapelelezi, na ARA, inayokwenda Mahakama Kuu kuomba mali izuiwe.

Mashine hiyo hufanya kazi ikitaka. Septemba na Oktoba 2024, operesheni iliyoitwa Serengeti ilikamata watu 1,006 katika nchi 19 za Afrika. Kenya ilifumbua wizi wa kadi za benki wa dola milioni 8.6, ambazo sehemu yake ilipelekwa kwa kampuni za Falme za Kiarabu, Nigeria na China.

Sasa linganisha na mama wa Likoni. Hakuna Interpol ya shilingi 40,000. Lakini laini iliyomwibia huenda imeibia wengine thelathini, kila mmoja na OB yake, Voi, Kisumu, Makina, na hakuna anayezisoma pamoja. Ukizijumlisha, si wizi mdogo tena. Kwa maoni yangu, polisi wakianza kupanga malalamiko haya kwa namba ya simu badala ya kwa kituo, nusu ya kazi imekwisha. Hilo halihitaji mkataba wa kimataifa.

Ukiibiwa leo, mwanzo piga simu kwa kampuni dakika hiyo hiyo, kabla hujakwenda kituoni. Pesa ambazo hazijatolewa bado zinaweza kuzuiwa. Usifute ujumbe wa muamala, maana ile kodi yake ndiyo mpelelezi atakayoifuata. Wateja wa Safaricom hutuma namba ya tapeli kwa 333 bila malipo, na kampuni hiyo imesema humpigia mteja kwa namba moja tu, 0722 000 000.

Na mwambie mwanao aliye Kibera abonyeze *106# aone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Akikuta asiyoijua, aifungishe na aandikishe OB siku hiyo hiyo, kabla askari wa Likoni hawajaliona jina lake.