Bodi ya dola 4 au PLC ya mamia? Hesabu ya kiwanda kidogo

Mwenye kiwanda kidogo cha kujaza maji kwenye chupa akiulizia bei ya kuziwezesha mashine zake zijiendeshe, hupata majibu mawili yanayopishana mno. Muuzaji wa vifaa vya viwandani humtajia PLC, yaani kidhibiti maalumu cha mashine, kwa mamia ya dola. Kijana wa elektroniki humwambia kazi hiyohiyo inafanywa na bodi ndogo na programu huria. Raspberry Pi Pico, kwa mfano, ilipotoka mwaka 2021 iliuzwa dola 4 tu. Wote wawili wanasema kweli, ila hawauzi kitu kimoja.

Bodi ya bei rahisi haikuundwa kukaa ndani ya kabati la umeme la kiwanda. Pini moja ya bodi ya Arduino Uno hutoa volti 5 na mkondo wa miliampia 20 hivi, ilhali sensa nyingi za kiwandani hutumia volti 24. Kati ya bodi na mota ni lazima uweke relei, optokapla za kutenganisha umeme, chanzo kizuri cha volti 24, fyuzi na kisanduku kisichoingiza vumbi wala maji. Ukiziruka hizo, kontakta ya pampu ikiachia tu, msukosuko wa umeme unarudi kwenye nyaya, bodi inajizima na kuwaka upya katikati ya kazi, na maji yanamwagika sakafuni. Jumlisha vifaa hivyo na siku za fundi, uone zile dola 4 zimebaki wapi. PLC ndogo kama Siemens LOGO!, ya dola mia moja na ushee, huja na baadhi ya hayo ndani yake.

Upande wa pili nao una gharama zake za kujificha. Programu ya kuandikia PLC kubwa mara nyingi hulipiwa leseni. Linaloumiza zaidi ni mashine kuletwa ikiwa imefungwa kwa nywila ya muuzaji. Ukitaka kuhama kutoka chupa ya nusu lita kwenda ya lita moja, huwezi kugusa muda wa kujaza mpaka umwite mtaalamu wake, umlipe safari na malazi, na siku hizo zote kiwanda kimelala. Mtu aliyenunua mashine kwa fedha yake hastahili kuomba ruhusa ya kuirekebisha.

Kwa bahati nzuri, uhuria na uimara vinaweza kukaa pamoja. OpenPLC, mradi ulioanzishwa na Thiago Alves, ni programu ya bure inayofanya kazi kwenye Raspberry Pi, na pia kwenye bodi za Arduino na ESP32. Inafuata lugha za kiwango cha kimataifa cha IEC 61131-3, ikiwemo ile ya michoro ya ngazi, hivyo fundi umeme aliyezoea kusoma saketi za relei na kontakta haanzi upya na lugha ya C++. Arduino nao walitoa Opta mwaka 2022 kwa kushirikiana na kampuni ya Finder. Hiyo ina relei zake, inapokea volti 12 hadi 24, na inafungwa kwenye reli ya kabati kama PLC nyingine yoyote.

Wanaosema vifaa vya kampuni kubwa ndivyo salama wakumbuke programu hasidi ya Stuxnet, iliyogunduliwa mwaka 2010, ambayo ilivamia vidhibiti vya Siemens. Hata hivyo, OpenPLC nayo imewahi kuja na jina na nywila ya kuanzia inayojulikana na kila mtu. Ikiwa toleo lako lina nywila hiyo, ibadilishe kabla hujaunganisha waya wa mtandao.

Kwangu mimi, mstari unapita kati ya kupima na kuamuru. Kupima kina cha tangi, joto la mota au idadi ya chupa, tumia ESP32 bila wasiwasi. Sensa ya miliampia 4 hadi 20 ukiipitisha kwenye rezista ya omu 150 inakupa volti 0.6 hadi 3.0, kiasi ambacho bodi hiyo inaweza kukipokea. Ikisoma sifuri kabisa, jua waya umekatika. Bodi ikifa, umekosa takwimu za saa moja tu. Kinachowasha pampu na mashine ya kufunga vizibo kiwe kifaa kilichojengwa kwa ajili ya kiwanda, huria ukiweza kukipata. Na kitufe chekundu cha dharura kikate umeme kwa waya moja kwa moja, kisitegemee programu ya mtu yeyote.

Yeyote utakayemchagua, andika kwenye mkataba kwamba malipo ya mwisho hayatoki mpaka uwe umekabidhiwa faili asilia la programu, nywila zote na mchoro wa nyaya, na fundi wako mwenyewe aipakie programu hiyo upya mbele ya muuzaji.