Nyumba ya Urithi: Nani Ashike Daftari la Kodi?

Tuchukue mfano. Marehemu ameacha jengo la orofa mjini Mombasa lenye fleti nne, kila moja kodi yake shilingi 20,000 kwa mwezi. Wazazi wake walimtangulia; warithi ni mjane, wana wawili na mabinti watatu. Hesabu ni nyepesi: katika shilingi 80,000, mama ana thumuni, yaani 10,000, kila binti 10,000, na kila mwana 20,000. Uzito huanza pale kaka mkubwa anaposhika funguo.

Dada zetu wengi wayajua haya. Miezi ya mwanzo fungu hufika kamili. Kisha huja habari ya tangi lililopasuka, ya fundi wa bomba, ya mpangaji aliyehama usiku. Fungu hupungua, na binti huona haya kumwuliza nduguye risiti. Naye kaka, tusimdhulumu, huenda ndiye aamshwaye saa nane za usiku choo kinapoziba, wala hajalipwa hata nauli.

Je, aajiriwe wakala? Akitoza asilimia 10, ni shilingi 8,000 kila mwezi, karibu fungu zima la binti mmoja. Si haba. Kwa ujira huo atafute wapangaji, akusanye kodi, asimamie mafundi na atoe hesabu. Sheria ya Kenya yamtaka awe amesajiliwa, basi aulizwe cheti kwanza. Na ijulikane kuwa ushuru wa kodi za makazi, asilimia 7.5 kwa mwenye pato la shilingi 288,000 hadi milioni 15 kwa mwaka, hutozwa kabla ya kutoa ujira wake.

Sisi twaona jengo dogo kama hili, akiwapo ndugu mwenye nafasi, halihitaji wakala. Lakini ndugu huyo alipwe ujira uliotajwa mbele ya wote, asije akajilipa kwa siri. Wala si lazima awe mwanamume. Binti awekaye hesabu za duka ataliweka na daftari hili. Aya ya 282 ya Suratul Baqara yaamrisha deni liandikwe, wala haikuwatoa ndugu.

Wakiwa wote wako Jeddah au Dubai, ama hawasemezani, basi shilingi 8,000 ni nafuu kuliko kesi kwa Kadhi. Hata hapo, kodi iingie katika akaunti ya warithi, si ya wakala, na matengenezo yanayozidi kiasi walichokubaliana, tuseme 5,000, yasifanywe kabla wote hawajaulizwa, mama akiwamo.