Simu ya Kwenye Pindo la Kanga

Sogeeni karibu, wanangu, leo nawasimulia habari ya simu. Sisemi zile kubwa mnazogombania kutazama katuni. Nasema kitochi, kile kidogo cha vitufe ambacho chaji yake haiishi upesi, ambacho mama hukifunga kwenye pindo la kanga akienda sokoni.

Twendeni Unguja, mwaka 2009. Wakati ule kina mama wengi kisiwani walikuwa wanajifungulia nyumbani. Mara nyingi mambo huenda salama, mtoto akalia, nyumba ikajaa vigelegele. Lakini kuna hatari isiyopiga hodi. Mtoto akishazaliwa, mama anaweza kutokwa na damu nyingi, na isipozuiwa upesi, saa chache tu zinatosha kumpoteza. Mkunga aliyesomea anayo sindano ya kuizuia. Jirani, hata awe na huruma namna gani, hana.

Basi watafiti wa Zanzibar wakashirikiana na wenzao wa Denmark. Wakawaandikisha wajawazito 2,550 katika vituo vya afya 24. Vituo vingine vikaingia kwenye mpango wa simu, vingine vikaendelea kama kawaida, ili mwisho walinganishe. Mjamzito wa kituo chenye mpango alikuwa anatumiwa meseji, na akapewa vocha ili aweze kumpigia mkunga bila kutoa hela yake.

Mtaniuliza, meseji inajuaje mama amefika mwezi wa ngapi? Mama akienda kliniki, muuguzi anahesabu umri wa mimba na kuuandika kwenye kadi. Hesabu hiyo na namba ya simu vinaingizwa kwenye kompyuta. Kuanzia hapo kompyuta inahesabu wiki, na maneno ya meseji yanabadilika kadiri mimba inavyokua. Mimba ikiwa changa, meseji inakumbusha siku ya kurudi kliniki. Ikikua, inataja dalili za hatari: kutokwa na damu, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, mtoto kupunguza kucheza tumboni. Ukiona moja tu, usingoje kesho.

Na yote hayo yaandikwe kwa ufupi, maana meseji moja ya kawaida ina nafasi ya herufi 160 tu. Jaribuni wenyewe kwenye daftari, mtaona kazi ilivyo.

Matokeo? Kati ya kila kina mama 100 waliokuwa kwenye mpango, 60 walijifungua mikononi mwa mtaalamu. Wasiokuwemo, ni 47. Hao 13 waliozidi mimi nawaona mmoja mmoja, kila mmoja na kichanga chake kifuani.

Ila hadithi hii ina sehemu inayoniuma. Waliobadilika hasa ni kina mama wa mjini. Kwa wenzao wa shamba, tofauti haikuonekana. Mimi nasema meseji haibebi mtu. Mama akishika uchungu saa nane za usiku, kituo kiko mbali na gari hakuna, simu itamwambia aende, lakini ataendaje? Wakubwa wanaopanga mambo haya wapeleke simu, na wapeleke gari na mkunga pia.

Mwaka 2012 ikaja kampeni ya Wazazi Nipendeni, Tanzania nzima. Mama, baba, hata bibi, aliandika neno MTOTO akalituma kwenda 15001, akaanza kupokea meseji za Kiswahili bure. Nilipenda sana kwamba baba naye hakuachwa nje. Na mtoto akishazaliwa, meseji hazikukatika. Mambo ya kumwambia mzazi ni mengi: kichanga anyonye ndani ya saa ya kwanza, asiogeshwe siku ile ile, afunikwe apate joto, na kwa miezi sita asipewe maji wala uji, maziwa ya mama yanamtosha.

Sasa nawageukia nyinyi. Wapo mama na bibi ambao hawakupata kusoma, na wapo ambao macho yamechoka. Simu inalia kwenye pindo la kanga, mama ana unga mikononi, anakuita: "Hebu njoo unisomee." Acha mpira. Soma yote, polepole, usiruke hata neno moja. Na kama meseji inasema nenda kituoni leo, kimbia ukamwite baba au jirani mwenye chombo cha usafiri.