Hewa ya Thika na Ndege ya Gramu 700

Mtu anayesimama Makongeni, kando ya barabara inayotoka Thika kwenda Garissa, yuko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mwenyewe hahisi lolote. Anapumua, anabeba mizigo, anacheza mpira kama kawaida. Ndege ndogo ya rimoti, ile ya mwanagenzi yenye mabawa ya stairofomu, huuhisi mwinuko huo mara tu inapoachiliwa kutoka mkononi.

Tuchukue siku mbili za kawaida: Mombasa nyuzi 30 za Selsiasi, Thika nyuzi 25. Licha ya joto lake, hewa ya Mombasa ina uzito wa kilo 1.16 hivi katika kila mita ya ujazo. Ya Thika haifiki kilo moja. Tofauti ni kama asilimia 15, na ndege hulipia tofauti hiyo mara mbili. Bawa huinua ndege kwa kuisukuma hewa chini. Pangaboi huivuta ndege mbele kwa kuisukuma hewa hiyo hiyo nyuma. Hewa ikiwa haba, bawa na pangaboi hupungukiwa kwa pamoja.

Ndiyo maana kijana wa Makongeni anayetaka kuiboresha ndege yake ya kwanza hawezi kuiga tu yale aliyoyafanya mwenzake wa pwani.

Super Cub ya kampuni ya HobbyZone ni mfano mzuri, kwa kuwa wengi duniani walijifunza kurusha ndege kwayo. Mabawa yake ni mita 1.2 kutoka ncha hadi ncha, uzito wake ni karibu gramu 700, na rimoti yake ina chaneli tatu: moja ya mwendo wa mota, moja ya kupandisha na kushusha pua, moja ya usukani wa mkiani. Ndege ya umbo na uzito huo, ikirushwa Mombasa, hukaa angani mradi mwendo wake usishuke chini ya kilomita 23 hivi kwa saa. Thika huhitaji kama 25. Tofauti ni ndogo, na mwanafunzi makini ataizoea.

Sasa mwenye ndege anaongeza betri kubwa. Kisha taa za mabawani, kamera, magurudumu mapana, na gundi ya kila ajali iliyopita. Gramu 200 huingia kimyakimya namna hiyo. Mwendo wa chini kabisa unapanda hadi kilomita 28 kwa saa, na nguvu ya kishindo siku ndege itakapoanguka inaongezeka kwa zaidi ya nusu, kwa sababu uzito umeongezeka na kasi nayo imeongezeka. Ndege iliyokuwa ikianguka na kuokotwa sasa inaanguka na kukusanywa vipande. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya fundi ni kupunguza. Mzani wa jikoni unaosoma gramu ni kifaa cha maana kuliko mota yoyote mpya.

Zanzibar ilitoa ushahidi mzuri wa jambo hili. Mradi wa kupiga picha za ramani za Unguja na Pemba kutoka angani, ulioanza mwaka 2016, ulitumia ndege za eBee zisizo na rubani, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walikuwa miongoni mwa waliozirusha. eBee nayo ni ndege ya povu gumu, na pamoja na kamera yake ina uzito wa gramu 700 hivi, sawa na ile ya mwanagenzi. Kazi nzima ya serikali ilibebwa na bawa jepesi linalotua kwa tumbo bila hata gurudumu moja.

Baada ya uzito huja mizani. Ndege ikibebwa kwa ncha za vidole viwili chini ya mabawa, kiasi cha robo hadi theluthi ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele, inapaswa kutulia, pua ikiinama kidogo tu. Hapa mkia ni mdai mkali. Gramu 20 za gundi zilizo sentimita 60 nyuma ya kitovu cha uzito zinahitaji gramu 48 puani, sentimita 25 mbele yake, ili zisawazishwe. Afadhali mkia uliovunjika utengenezwe upya kwa kipande chepesi na ufito mwembamba wa mwanzi kuliko kurundikiwa gundi.

Ndipo zamu ya mota inapofika. Mota za zamani zina brashi zinazosuguana na kuchakaa, na sehemu kubwa ya umeme wa betri hupotea kuwa joto. Mota isiyo na brashi hupoteza umeme kidogo kuliko hizo, na kwa betri ile ile ya lithiamu yenye seli tatu huipa ndege mvuto zaidi na muda mrefu angani. Mabadiliko haya yana faida kubwa kwelikweli. Yanadai pia kidhibiti mwendo kipya, kwani kile cha mota ya brashi hakiwezi kuiendesha.

Kosa la kawaida hutokea kwenye pangaboi. Fundi anaona ndege inavutwa kwa unyonge, anatoa pangaboi la inchi 9 na kufunga la inchi 10. Inchi moja tu! Lakini kwa mizunguko ile ile, nguvu ambayo mota hutakiwa kutoa hukua kwa kipeo cha tano cha kipenyo, yaani karibu asilimia 70 zaidi. Wembamba wa hewa ya Thika unapunguza mzigo huo, ila mota bado inabebeshwa asilimia 40 na zaidi, tena katika hewa isiyopoza vizuri kama ya pwani. Moshi hutoka hapo. Ili kurudisha mvuto uliopotea kwa sababu ya mwinuko, ongezeko la asilimia 4 ya kipenyo linatosha, chini ya nusu inchi. Kipima ampea kifungwe kati ya betri na kidhibiti, mota iendeshwe sekunde chache ndege ikiwa imeshikwa imara, na namba zilinganishwe na kikomo cha mota.

Mwinuko umewasumbua pia watu wenye ndoto kubwa zaidi. Gabriel Nderitu wa Nyeri, mtaalamu wa kompyuta aliyejulikana nchini mwanzoni mwa miaka ya 2010, alijenga ndege kwa injini ya gari la Toyota, katika eneo lililoinuka kuliko Thika. Majaribio yake ya mwanzo yalikimbia ardhini bila kupaa, naye akarudi karakanani kujenga tena. Injini ya gari imeundwa kwa chombo ambacho ardhi inakibebea uzito. Chochote kinachopaa hakina msaada huo. Uvumilivu wake unastahili heshima. Nchini Rwanda, yenye vilima virefu zaidi, kampuni ya Zipline ilipoanza kupeleka damu hospitalini kutoka Muhanga mwaka 2016, ndege zake zilirushwa kwa manati ili zipate kasi kabla ya kuachwa hewani.

Mwenye ndege ya mkononi ana manati yake, nayo ni bega. Ana pia saa. Asubuhi ya nyuzi 15, hewa ya Thika ni nzito kwa asilimia 4 kuliko alasiri ya nyuzi 27, na upepo huwa haujaamka. Kabla hajaenda uwanjani, aulize Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya ni masharti gani yanamhusu. Kanuni za mwaka 2020 za vyombo visivyo na rubani zinaweka kikomo cha futi 400 juu ya ardhi. Achague mahali pa wazi, mbali na watu na nyaya za stima, penye nyasi ndefu. Mota ikiwa imezimwa, ndege irushwe taratibu, pua sawa na upeo wa macho. Ikipanda ghafla kisha ikadondoka, mkia ni mzito. Ikichomoka moja kwa moja kuelekea nyasi, pua ni nzito. Betri isogezwe nusu sentimita, ndege irushwe tena.