Amri Huja kwa Jina la Mmoja

Sogeeni karibu, wajukuu, leo safari ni ndefu. Mwanamaji wa jeshi la Marekani akihamishwa, karatasi ya amri huandikwa jina lake. Mkewe na watoto, wakitajwa, hutajwa chini kwa neno moja: wategemezi. Hadithi yangu ni ya hao wa chini ya karatasi.

Tubuni familia moja. Inatoka Norfolk, mji wa Virginia wenye bandari kubwa ya manowari. Baba ni fundi wa mitambo melini. Mama alikuwa na kazi yake hospitalini, na imembidi aiache. Wana binti wa miaka minane, mvulana wa miaka minne, na mbwa. Ingeweza kuwa kinyume, mama akawa baharini na baba akabaki na watoto, na familia za namna hiyo zipo. Lakini hawa wetu wako hivi, na amri inasema Japani, mji wa Yokosuka, miaka mitatu.

Najua mmoja wenu atauliza: askari wa Marekani wanafanya nini Japani? Swali zuri. Yokosuka iko kwenye rasi ya Miura, pale Ghuba ya Tokyo inapokutana na bahari kuu, na mwenye kushika mlango huo ameushika mji mkuu. Mwaka 1853 nahodha mmoja wa Marekani, Matthew Perry, alifika hapo na meli nne nyeusi, mbili zikienda kwa mvuke, akaidai Japani ifungue milango yake iliyokuwa imefungwa kwa zaidi ya miaka mia mbili. Alishuka Kurihama, ambayo leo ni sehemu ya Yokosuka, na mnara wa kumbukumbu yake upo mpaka sasa. Baadaye Wajapani wenyewe wakajenga karakana ya meli mjini humo kwa msaada wa mhandisi Mfaransa, Léonce Verny, wakawa na jeshi la majini la kuogopwa. Waliposhindwa katika Vita Kuu ya Pili mwaka 1945, Wamarekani walishuka Yokosuka tarehe 30 Agosti, siku tatu kabla Japani haijatia saini hati ya kusalimu amri, na hawajaondoka tangu siku hiyo. Mkataba wa ulinzi ulitiwa saini 1951, ukaandikwa upya 1960. Kundi la Saba la meli za kivita za Marekani lina makao hapo, na hapo ndipo inapofunga gati manowari ya kubeba ndege.

Si kila Mjapani anafurahia jambo hilo. Okinawa, visiwa vidogo vya kusini, vimebeba sehemu kubwa kabisa ya ardhi ya kambi hizo, na watu wa huko wamelilalamikia hilo kwa miaka mingi. Mtoto wa kambini akikutana na wazee wameshika mabango langoni, asidhani wanamchukia yeye. Wana neno na serikali mbili, yake na yao.

Haya, turudi Norfolk, kwa sababu shida ya kwanza ni mbwa. Japani haina kichaa cha mbwa, na imeapa kutokuwa nacho. Mbwa anayetoka Marekani lazima awekewe kitambulisho cha elektroni chini ya ngozi, achanjwe mara mbili, apimwe damu, kisha zihesabiwe siku 180 tangu damu ilipotolewa. Asipozikamilisha nyumbani, zilizobaki atazimalizia karantini. Kwa hiyo amri ikija kwa haraka, mzee wa nyumba anaweza kuwa Japani wiki ijayo na mbwa bado anangoja kwa bibi Virginia. Dawa nazo zina mambo yake. Baadhi ya dawa za mafua zinazouzwa madukani Marekani haziruhusiwi kuingia Japani, na zile zenye amfetamini, ambazo watoto wengine wa Marekani huandikiwa na daktari ili watulie darasani, kuingia nazo ni kosa la jinai. Mama anakaa sakafuni usiku, chupa moja moja mkononi, anasoma maandishi madogo. Baba wakati huo ameshatangulia.

Wanafika. Wageni wengine wanaohamia Japani hupewa kadi ya ukaazi, lakini familia za askari hazipewi, kwani makubaliano yaliyotiwa saini pamoja na mkataba wa 1960 yamewaweka kwenye fungu lao peke yao. Na fungu hilo lina ukuta na lango. Ndani ya lango mnalipa kwa dola, dukani kuna vyakula vilevile vya Norfolk, hata shule ni ya Kimarekani. Nje ya lango ni yeni na Japani. Mtu anaweza kukaa ndani miaka yote mitatu, akarudi kwao na picha za Mlima Fuji alioupitia kwa basi la matembezi. Wapo wafanyao hivyo, na mimi nawaona kama waliolipiwa nauli ya karamu wakala mkate waliofunga kutoka nyumbani.

Mama wetu hakupanga kuwa shujaa. Nyumba za kambini zilikuwa na foleni tu, ndipo wakatafuta ya kupanga mjini. Hapo akajifunza kwamba dalali ni dalali popote duniani. Kuna amana, kuna ada ya dalali, na mara nyingi kuna pesa ya kumshukuru mwenye nyumba, ambayo hairudi. Watu wa Kariakoo wangeiita kilemba na kuendelea na mazungumzo. Nyumba yenyewe ilikuwa nyembamba, ghorofa mbili, na chumba kimoja cha mikeka minene ya majani, ambayo Wajapani huitumia pia kupimia ukubwa wa chumba: cha mikeka sita, cha mikeka minane. Mlangoni pana kishimo cha kuvulia viatu, kisha unapanda hatua moja ndipo umeingia. Ninyi mliozoea kuacha ndara mlangoni hamtashangaa. Mvulana wa miaka minne alishangaa wiki nzima.

Kisha saa ya ukutani ikaanza kuchelewa. Ilikuwa ya umeme, ya kizamani, zawadi ya harusi. Sikilizeni vizuri, kwa sababu hili linanifurahisha. Umeme wa majumbani huenda na kurudi ndani ya waya. Marekani unafanya hivyo mara 60 kila sekunde, na saa za aina ile huhesabu mapigo hayo ili kujua muda. Japani imegawanyika. Katika miaka ya 1890 Tokyo ilinunua mitambo ya Kijerumani ya mapigo 50, na Osaka ikanunua ya Kimarekani ya mapigo 60, na mpaka leo mashariki ni 50 na magharibi ni 60. Yokosuka iko upande wa Tokyo. Saa ya mama ikawa inapoteza dakika kumi kila saa moja. Akaichomoa ukutani, akanunua ya betri.

Majirani sasa. Desturi ya Kijapani ni kwamba mgeni ndiye anayebisha hodi. Unakwenda nyumba tatu zinazokutazama na mbili za ubavuni, una zawadi ndogo mkononi, taulo kwa mfano, unajitaja na kuomba radhi mapema kwa kelele za watoto. Kwetu sisi mgeni ndiye huletewa uji. Mama aliambiwa desturi hiyo kwenye darasa la wageni kambini, akaifuata huku magoti yakitetemeka, na maneno matano ya Kijapani aliyoyaandika kiganjani. Nyumba nne zilimpokea taulo. Ya tano alitoka bibi mmoja mfupi, akaitazama taulo, akawatazama watoto, akaingia ndani, akarudi na kalenda ya taka.

Wajukuu, kalenda ya taka ndiyo shule yenyewe. Taka za kuungua zina siku zake, zisizoungua zina siku yake, chupa na makopo siku nyingine, plastiki za vifungashio nyingine tena. Chupa ya plastiki haitupwi hivihivi: kifuniko kinatolewa, karatasi ya jina inabanduliwa, inaoshwa, inabonyezwa. Unapeleka asubuhi, si usiku wa jana, mahali pamoja mnapotumia mtaa mzima, na unafunika kwa wavu kwa sababu kunguru wa Japani ni wakubwa na wana akili ya kufungua mfuko. Ukikosea, gari la taka linauacha mfuko wako pale, na karatasi ya onyo juu yake, kila apitaye auone. Mfuko wa mama uliachwa. Alipokwenda kuuchukua alimkuta yule bibi ameshaufungua, anachambua, kimya, haonyeshi hasira wala tabasamu. Mama akachuchumaa karibu yake. Wakachambua pamoja mpaka ukaisha. Tangu siku hiyo bibi akawa anagonga dirisha asubuhi kila siku ya plastiki.

Ikaja siku ya manowari ya baba, ile ya kubeba ndege, kuondoka. Mabaharia husimama ukingoni mwa sitaha wamevaa sare, familia ziko gatini, na meli yenye urefu unaozidi mita 300 husogea taratibu mpaka usijue imeanza lini kuondoka. Itakaa baharini miezi. Fikirieni jambo hili: aliyepewa amri ya kwenda Japani amekwenda baharini, na waliokaa Japani ni wale wengine.

Wiki ile ile, usiku, simu ya mama ikalia mlio wa ajabu ambao hakuwahi kuusikia, kisha nyumba ikatikisika. Tetemeko la ardhi hutuma mawimbi ya aina mbili. Ya kwanza yana mbio lakini hayana nguvu sana, na ya pili huja nyuma yakiwa ndiyo yenye kubomoa. Vyombo vya Wajapani hunasa yale ya kwanza na kupiga kelele kwenye simu na televisheni kabla yale ya pili hayajafika. Huduma hiyo kwa umma ilianza mwaka 2007. Unapata sekunde chache tu, za kuingia chini ya meza na kufunika kichwa. Binti alikuwa amefundishwa shuleni, akamvuta mdogo wake kwa mguu. Mama alibaki amesimama katikati ya chumba, anashikilia kabati.

Lilikuwa dogo. Lakini watu wa pale hawadharau dogo. Tarehe 1 Septemba 1923 tetemeko liliangamiza Tokyo na Yokohama, na Yokosuka nayo ikaumia. Kila mwaka tarehe hiyo nchi nzima hufanya mazoezi ya maafa. Na baada ya lile la tarehe 11 Machi 2011, lililoleta tsunami na kuharibu mitambo ya nyuklia ya Fukushima, maelfu ya wake na watoto wa wanajeshi waliruhusiwa kuondoka Japani, wakapandishwa ndege. Kwa hiyo begi la dharura linakaa mlangoni: maji, tochi, pasipoti, viatu. Bibi wa jirani alikuja asubuhi kulikagua lile la mama. Akaongeza filimbi, ya kupuliza ukifukiwa.

Mengine yalikuja yenyewe. Walijifunza treni, kwa kuwa kadi moja ya kugusisha mlangoni inakupeleka Kamakura, Yokohama mpaka Tokyo, na treni inafika dakika iliyoandikwa. Kwenye stesheni waliona watoto wadogo kuliko binti wakisafiri peke yao, kofia za njano kichwani, na binti akaanza kudai naye. Jioni, vipaza sauti vya mtaa hupiga muziki, na watoto wa kiwanjani hutawanyika kwenda kwao. Muziki huo hujaribu pia mitambo ya tahadhari ya maafa, na hivyo mji unapima vifaa vyake huku ukiwarudisha watoto nyumbani.

Na wali kwa mchuzi wa bizari! Hapa lazima nisimame. Zamani mabaharia wa Japani walikufa kwa beriberi, miguu ikivimba na moyo ukichoka, kwa kula wali mweupe mtupu. Daktari wa jeshi lao la majini, Takaki Kanehiro, aliyesomea London, alionyesha katika miaka ya 1880 kwamba tatizo ni chakula. Nyama na mboga zikaingia melini, na njia mojawapo ya kuzila ikawa mchuzi mzito wa bizari, ambao Waingereza walikuwa wameuchukua India. Mpaka leo wanamaji wa Japani huula kila Ijumaa, na Yokosuka imejitangaza kuwa mji wa mchuzi huo. Mikahawani huletwa na saladi na glasi ya maziwa. Ni mtamu kidogo na mzito, na mtu wa Tanga angeuliza nazi iko wapi. Mvulana wa miaka minne aliula mpaka wa dada yake.

Gari ndilo lililomtesa mama mwisho. Japani huendesha kushoto, usukani uko kulia. Ninyi mmezaliwa ndani ya magari ya namna hiyo, mengi yakiwa yametoka hukohuko yakiwa yametumika. Mmarekani kwake dunia imepinduliwa. Alifanya mtihani kambini, akapewa leseni, akajifunza vichochoro ambamo vioo vya pembeni hukunjwa ili magari mawili yapishane.

Manowari iliporudi, baba alishuka na begi lake begani, amechomwa na jua, akasema kwa furaha kwamba leo anaendesha yeye. Mama akampa ufunguo. Wakatoka langoni, jua likiwaka, na kwenye kona ya kwanza baba alitaka kuwasha taa ya kuonyesha anakata kulia. Vifuta-mvua vikaanza kwenda mbio kwenye kioo kikavu. Akabonyeza huku, vikaongeza kasi. Nyuma watoto walikuwa wameshavunjika mbavu kwa kicheko, na mama akanyoosha mkono hewani, akimwonyesha: upande wa pili, baba, upande wa pili.