Ruzuku ya Utafiti na Makataa ya Ripoti

Mtahiniwa wa fasihi simulizi hana budi kufahamu kwamba utafiti wa nyanjani haukomi kinasa sauti kinapozimwa. Chukua mhadhiri anayekusanya nyimbo za jando. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 iliunda Hazina ya Kitaifa ya Utafiti, inayotoa ruzuku, na tume ya NACOSTI, inayotoa leseni. Leseni hiyo humtaka mtafiti awasilishe ripoti katika muda wa mwaka 1 baada ya kukamilisha kazi. Je, makataa haya ni urasimu mtupu? La hasha! Fanani akifariki kabla ya ripoti kuandikwa, hakuna wa kusahihisha yaliyonukuliwa vibaya. Kwa hivyo mwalimu anapofunza hatua za utafiti, asiisahau hii ya mwisho.