Juu ya Kutambua Vijimea vya Sumu Katika Bahari, na Majina Yake

Nia ya makala haya ni kueleza jinsi wataalamu wanavyovitafuta na kuviangalia vijimea vyenye sumu katika maji ya pwani, na kuonyesha ya kuwa sisi tushughulikao na lugha tuna sehemu yetu katika kazi hiyo. Onyo la mtaalamu halimfikii mvuvi ila kwa maneno. Maneno yakipotoka, onyo huwa bure.

Kwanza yafaa tujue tunasema juu ya kitu gani. Katika bahari huishi viumbe vidogo mno, visivyoonekana ila kwa hadubini, na vingi vyao hujitengenezea chakula kwa nuru ya jua kama yafanyavyo majani ya nchi kavu. Walio wengi hawana madhara, bali ndio asili ya chakula cha samaki. Aina chache tu hutoa sumu, na nyingine huzidi kwa wingi hata zikawaua samaki. Elimu ya Ulaya huvikusanya viumbe hivi pamoja na mwani chini ya jina moja. Ndiyo sababu wafasiri huandika "mwani wenye sumu". Lakini mtu wa pwani akisikia mwani hufahamu majani yale yaotayo baharini na kuletwa ufuoni na mawimbi. Huko Unguja kilimo cha mwani wa biashara kilianza mwaka 1989, na wakulima walio wengi ni wanawake. Tangazo kwamba mwani una sumu laweza kumharibia mama huyo soko lake, kwa kosa la kiumbe asichopata kukiona.

Jina la pili, "maji mekundu", lina kosa la kinyume: la kwanza humshtaki asiye na hatia, na hili humwachilia mkosaji. Ni kweli kwamba mara nyingine bahari hugeuka rangi. Mwaka 2008 kijimea kiitwacho Cochlodinium polykrikoides kilienea katika maji ya Oman na Ghuba, kikaua samaki wengi, na mitambo kadha ya kuondoa chumvi katika maji ikalazimika kusimama. Lakini vijimea vya jamii ya Alexandrium vyaweza kuwatia sumu kome na chaza hali maji yangali safi machoni. Wanyama hawa huchuja maji mengi ili wapate chakula, na sumu hukusanyika katika nyama yao. Sumu hiyo, iitwayo saksitoksini, hupoozesha mishipa ya fahamu, wala haiondoki kwa kupikwa. Basi yeye aliyefundishwa kuogopa wekundu tu atakula kwa amani siku ya hatari.

Sasa tutazame njia za uchunguzi. Ni tatu, na kila moja hujibu swali lake. Ya kwanza ni setilaiti, ambayo hupima nuru irudiyo kutoka usoni pa bahari, na kwa rangi yake hukadiria wingi wa klorofili, yaani ule ukijani wa mimea. Huona eneo kubwa kwa mara moja. Lakini mawingu huizuia, na karibu na pwani matope huichanganya. Aidha haiwezi kusema kama wingi huo una sumu. Njia ya pili ni kuteka maji, kuyatia dawa ya iodini ili viumbe visiharibike, kisha kuvihesabu kwa hadubini aina kwa aina. Ya tatu ni kupima sumu yenyewe katika nyama ya kome. Kwa saksitoksini, kipimo kinachofuatwa katika nchi nyingi ni mikrogramu 800 kwa kila kilo moja ya nyama. Ikizidi hapo, uvunaji hukatazwa.

Kazi hii haifai kufanywa mara moja na kuachwa. Katika jimbo la Florida, Marekani, maji hutekwa mara kwa mara, na hesabu ya Karenia brevis ikizidi seli 5,000 katika lita moja, uvunaji wa chaza hufungwa. Na huko Kanada, mwaka 1987, watu zaidi ya 100 waliugua na 3 walikufa kwa kula kome wa Prince Edward Island. Baadhi ya waliopona walipotewa na kumbukumbu. Sumu ile haikuwa ikipimwa kabla ya msiba huo.

Kwa hiyo naona yafaa tuseme "vijimea vya sumu vya baharini". Nakiri kwamba jina hili nalo lina kasoro, kwa kuwa kijimea limepata kutumiwa kwa maana ya bakteria, na baadhi ya viumbe hivi si mimea kamili. Lakini halimdhulumu mkulima wala halimdanganyi mlaji. Vitenzi navyo tuvitenge: setilaiti huona, hadubini hutambua, maabara hupima. Atakayeandika kwamba setilaiti "imegundua sumu" amesema lisilokuwa. Na tangazo liwe wazi hivi: msile kome wala chaza wa mahali fulani mpaka mtakapoarifiwa, hata maji yakiwa safi, hata wakipikwa. Maneno hayo ni machache, lakini ndani yake mna kazi yote ya mtaalamu, na pengine uhai wa msikilizaji.